Ngozi ya Herufi

Harithi Saidi, aliyekuwa mume wangu, alichukua herufi nilizozikata kwa mikono yangu, akampa mke wake mdogo, kisha akasimama mbele ya mizani ya korosho pale Malolo, watu wamejaa, akaapa kwa jina la Mungu kwamba mimi sijawahi kukata herufi hata moja. Hilo ndilo kosa. Yote nitakayoyasema yanatoka hapo na kurudi hapo.

Mimi naitwa Mwamini Yasini. Shule sikusoma. Anayeandika haya ni mwanangu Amna, na nimemwambia asinipambie maneno wala asimhurumie baba yake.

Nilizaliwa Kiegei, nikakulia Nachingwea mjini, nyuma ya soko, kwenye kibanda cha baba. Mzee Yasini alikuwa fundi bati. Alitengeneza koroboi, karai, ndoo, mabomba ya kuteremshia maji ya mvua, na vikebe vya kupimia mafuta ya taa. Mama alifariki nikiwa mdogo, na baba alisema bati halishikiki kwa mikono miwili peke yake, linataka na ya mtu wa pili. Mikono ya pili ikawa yangu. Wenzangu walipopita na sare za shule mimi nilikuwa nimekaa juu ya debe, nimeshika mkasi wa bati, vidole vimefungwa vitambaa.

Herufi ya kwanza niliikata kwa ajili ya muuza mafuta aliyekuwa akiibiwa mapipa. Alitaka jina lake liwe kwenye kila pipa, kubwa, na lifanane, si leo hivi na kesho vile. Alituletea boksi limechorwa herufi kwa kalamu ya risasi. Kazi yenyewe ni hii: unatoboa bati kwa umbo la herufi, unalilaza juu ya pipa, unapitisha rangi kwa sponji, unaliinua, herufi imebaki. Watu wa ofisini wanaita stensili. Sisi tulisema bati la herufi.

Nilianza na ile ya mviringo, ambayo mimi naiita kisima. Niliizungushia patasi kote, nikafurahi ilivyokuwa safi, kisha nilipoiinua katikati yake ikaanguka miguuni pangu. Nikabaki na tundu kama la kupitishia kichwa.

Baba alicheka mpaka akaweka nyundo chini. "Mwanangu, hicho si kisima, ni shimo la choo."

Nilikaa nalitazama lile tundu. Halafu nikamkumbuka bibi yangu mzaa mama, Bibi Kulthumu, Mmakonde wa kule juu, aliyekuwa na chale usoni za zamani, mistari imepangwa mashavuni na kwenye paji. Nikiwa mtoto nilipenda kuzipapasa. Niliwahi kumuuliza kwa nini mistari haigusani, kila mmoja umesimama peke yake. Akaniambia aliyewachanja aliacha ngozi nzima kati ya mkato na mkato, kwa sababu mikato ikikutana inakuwa kidonda kimoja, uso unavimba na sura inapotea.

Nikachukua bati lingine. Nikakata kisima upande huu, nikaacha ngozi, nikakata upande wa pili, nikaacha ngozi. Katikati pakakaa. Tangu siku hiyo kile kipande kinachoachwa bila kukatwa nakiita ngozi, na baba naye akakiita hivyo, na Harithi alipokuja kunioa akakuta kinaitwa hivyo.

Kisha nikajifunza zaidi kwa kukosea. Ngozi ikisimama wima, sponji inaikwaruza na kuikunja. Ikilala, vilevile. Nikaziweka mshazari, zote zimeelekea upande mmoja kama mvua yenye upepo. Hapo sponji inapita juu yake bila kuikamata, na bati linadumu. Mafundi wengine waliacha ngozi popote, wembamba wowote. Za kwangu zilikuwa za mshazari, nene kidogo pembeni na nyembamba katikati, na mtu akiona herufi zangu hata kwa mbali alijua. Walisema "mwandiko wa Mwamini." Mtu asiyejua kuandika ana mwandiko! Nililipenda neno hilo kuliko hereni.

Majina ya herufi nilijitungia. Ile yenye vilele ni milima miwili. Yenye ncha juu ni paa. Kuna mjamzito anayepiga hatua, kuna nyoka, kuna kitanda kilichosimamishwa. Ukinichorea neno nilijua kila umbo linataka nini: tumbo lipi litaanguka, pembe ipi itapasuka. Neno lenyewe linasema nini sikujua, na halikunihusu, kama mshona kanzu asivyohusika na sala ya mvaaji.

Na kila kitu kilitaka herufi yake. Gunia la juti linakunywa rangi, nyuzi zinaipeleka huku na huku, kwa hiyo nilikata herufi pana na ngozi nene, ili hata rangi ikisambaa pengo libaki. Wachimbaji wa Namungo walitaka alama za viroba vya mawe ili visichanganyike kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe. Hao niliwakatia kubwa sana, zisomeke kwa tochi na vumbi. Jeneza la msikiti nililiwekea herufi nyembamba za kistaarabu. Jezi za timu ya kijiji nilizikatia namba kwa picha za zamani za eksirei, kwa kuwa kitambaa kinataka kitu kinachopinda. Siku ya mechi mashabiki wa upande wa pili wakapiga kelele, "Oyaa, namba zenu zimepasuka!" Wetu wakajibu, "Zimepasuka kwa kuwafunga nyie!" Nami nilikuwa pale nacheka, nimejitanda kanga mpya.

Harithi alinioa akanihamishia kwao Malolo, wilaya ya Ruangwa. Sitasema alikuwa mbaya tangu mwanzo, ingawa ningependa. Alikuwa mwepesi wa maneno, mimi si mwepesi. Mimi nikakata, yeye akapakia mabati kwenye pikipiki, akaongea na vyama vya wakulima, na wenye maduka, na wachimbaji. Msimu wa ufuta na msimu wa korosho hatukulala vizuri kwa kazi. Mabati yangu niliyaweka kwenye sanduku la mbao alilonichongea baba, kila herufi na kila namba, zimepakwa mafuta zisishike kutu, zimefungwa kanga kuukuu.

Akaoa mke wa pili, Raudha, msichana wa Ruangwa mjini aliyemaliza kidato cha nne na kukaa kwenye kibanda cha kutuma na kutoa fedha kwa simu. Sina kesi ya ndoa hiyo. Nilipika siku ya harusi na wali wangu uliliwa.

Baba akafariki. Nikaenda Nachingwea kumzika, nikakaa mpaka arobaini yake. Niliporudi Malolo niliingiza mkono mvunguni nikagusa sakafu. Sanduku halikuwepo. Nikadhani wezi. Nikatoka nje nikilia, jirani akanitazama kwa aibu, akasema, "Mama Amna, sanduku lako lilipita hapa kwenye pikipiki ya mumeo. Nenda ghalani."

Nikaenda na nguo zangu za msiba.

Ulikuwa ndio mwanzo wa msimu. Wakulima wamekaa juu ya magunia wakisubiri mizani, Marselina muuza chai anazunguka na chupa zake, makuli wanabeba. Raudha alikuwa ameinama juu ya gunia, bati langu mkononi, sponji yangu mkono wa pili. Harithi kasimama pembeni amevaa kofia mpya.

"Mabati hayo ni yangu," nikasema. "Harithi, nirudishie."

"Mama Amna, una msiba. Nenda nyumbani ukapumzike."

"Msiba ninao na mabati ni yangu."

Ladislaus, katibu wa chama, akaiweka kalamu sikioni. Ni mtu mpole, haonei watu. "Mama, kazi ya kuweka alama tumempa Bi Raudha, maana mwaka huu anayeweka alama lazima ajue kusoma orodha ya vikundi vya wakulima. Na mzee hapa alitwambia mabati ameyakata Bi Raudha mwenyewe. Wewe unasema umeyakata wewe?"

"Yote."

Akaokota bati moja, refu, lenye neno zima. Akalinyanyua juu kila mtu alione. "Hili linasemaje?"

Nililitazama. Milima miwili, paa, nguzo yenye mguu, kisima, nguzo yenye mguu, kisima. Nililijua kuliko ninavyojua uso wangu. Nilijua kisima cha mwisho nilikikata siku Amna alipougua surua, nikakirudia mara mbili. Lakini linasemaje, sikujua.

"Mpeni miwani!" kuli mmoja akapiga kelele.

"Anasoma kwa kunusa! Mpelekeeni puani!"

Wakacheka. Walicheka watu niliowawekea alama kwenye majembe yao. Hata hivyo sikuwa nimeshindwa bado, kwa sababu mtu mmoja pale alikuwa anajua. Nikamgeukia.

"Harithi. Waambie."

Alinyoosha kofia yake. Angeweza kusema Mwamini anakata na Raudha anasoma, kazi ikawa ya nyumba moja, na mimi ningekubali pale pale. Nimeliwaza hilo mara nyingi na kila nikiliwaza damu inachemka upya. Lakini alishasema uongo kwa katibu, na mwanamume yule aliona bora mimi niwe mwongo kuliko yeye aonekane mwongo.

"Wallahi," akasema, na mkono akaupandisha juu. "Mwamini hajawahi kukata herufi. Alikuwa ananishikia bati tu. Haya ni ya Raudha."

Raudha aliinamisha macho kwenye gunia. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Marselina peke yake alisonya, kwa sauti.

Talaka nilidai mwenyewe na nikapewa, hilo limekwisha. Nikarudi Nachingwea kwenye kibanda cha baba, nikashika nyundo yake, nikatengeneza karai na koroboi. Herufi sikukata. Nilikuwa nikilala nasikia "anasoma kwa kunusa." Nilimwombea Harithi mabaya ambayo Amna amekataa kuyaandika.

Ila kuna jambo Harithi hakulifikiria. Mwaka mzima magunia ya Malolo yalikuwa na mwandiko wangu. Yakipita barabarani juu ya lori, watu wanasema, "Mwamini huyo." Marselina akimpelekea Raudha chai anamwambia, "Shika, bibie. Na huo mkono wa Mwamini ukichoka utaazima wa nani?" Kuli yule yule aliyetaka nipewe miwani alimuuliza Harithi, "Mzee, mbona huyu bi mdogo naye anaacha mapengo ya mshazari kama bi mkubwa? Wamenyonya titi moja?" Kila gunia lilikuwa linamwita mwongo.

Marselina ni shoga yangu, hupiga simu bila salamu. Siku moja, msimu mwingine ukiwa unakaribia, akanipigia.

"We Mwamini! Mwanamume amechukua tupa. Anaziondoa zile ngozi zako. Zote!"

"Anaziondoaje?"

"Anazikata! Amesema hataki mapengo tena, anataka herufi nzima kama za gazetini. Matumbo yakidondoka anayarudisha katikati kwa waya na gundi. Raudha kamwambia mabati yataharibika, kamfokea mtoto wa watu mpaka majirani wametoka."

Nilikaa chini. Nilicheka mpaka mteja aliyekuja kuchukua ndoo akauliza kama naumwa. Harithi alikuwa anajua ngozi ni ya nini. Alinitazama nikiikata miaka yote. Hakukosea kwa ujinga. Alitaka kuutoa mkono wangu ndani ya herufi, na mkono wangu ndio uliokuwa umezishikilia.

"Hutamwonya?" Marselina akauliza.

"Nimwonye kama nani? Mimi nilikuwa nashika bati tu."

Msimu ukafunguliwa. Magunia ya kwanza yalitoka vizuri, nasikia, na Harithi akatembea kifua mbele. Lakini bati linaoshwa kwa mafuta ya taa, na gundi haipatani na mafuta ya taa. Sponji nayo inavuta waya. Tumbo la kwanza likachomoka, likafuata la pili. Kisima kikawa doa. Paa likawa pembetatu nyeusi. Na ubaya mkubwa ulikuwa kwenye namba za vikundi, kwa maana namba nyingi zina matumbo: zile zilizonona juu, zilizonona chini, na zilizonona kote, zote zikawa madoa yanayofanana. Harithi akaona haya kusema. Akawahimiza Raudha na makuli waendelee.

Magunia yakafika ghala kuu. Wakaguzi wa huko wakapasua moja kupima, wakakuta korosho zimelowa. La kikundi kipi? Doa. Wakapasua lingine. Doa. Kila kikundi kikasema si letu. Mzigo wote wa Malolo ukawekwa kando usiuzwe mpaka mwenyewe ajulikane, na wakulima wakaambiwa warudi kwao wasubiri. Sisemi uongo, nilifurahi. Nilifurahia shida ya kila mmoja aliyecheka. Nilijua nyumba ya nani haina unga na nikafurahi hivyo hivyo.

Ndipo Raudha akaja Nachingwea. Alisimama mbele ya kibanda na mtoto mgongoni, ameshika mfuko.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Leo dada."

"Nimekuletea mabati." Akayamimina chini. Yalikuwa kama midomo isiyo na meno. "Naomba uyatengeneze. Watu wanamtukana kila anapopita. Jana wamemtupia makopo."

"Makopo matupu au yenye kitu?"

Alitaka kucheka, akajizuia. "Matupu."

"Bahati yake."

"Dada, mimi sikumwambia aseme vile. Aliniambia sanduku umeniachia kwa hiari, kwa kuwa una msiba. Siku ile pale mizani ndipo nilipojua."

"Ukajua, ukafanyaje?"

Alinyamaza.

"Ulinyamaza hivyo hivyo," nikasema. "Unajua kunyamaza vizuri. Sasa sikiliza, bi mdogo. Mabati haya hayatengenezeki. Aliyekata ngozi amekata uhai. Nikate mapya naweza. Lakini Harithi atasimama pale pale mbele ya mizani, watu wamejaa vile vile, aseme kwa mdomo ule ule: herufi ni za Mwamini, na niliapa uongo. Basi. Sitaki kingine."

"Hatasema, dada. Afadhali afe."

"Basi afe na madoa yake."

Akambeba mtoto wake vizuri, akageuka. Kisha akarudi akasema, kwa sauti ndogo, "Mimi nitasema. Nikiulizwa, nitasema." Na sifichi, alisema kweli, kwa sababu baada ya hapo Ladislaus alikuja mwenyewe kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye nyusi, akakataa kiti.

"Mama, Bi Raudha ametwambia. Mimi nilikuuliza swali lisilofaa siku ile. Nilipaswa kukupa mkasi na bati nikasema kata, si kukuuliza linasemaje. Nisamehe."

"Wewe nimekusamehe. Mwingine je?"

"Harithi si mwajiriwa wa chama, siwezi kumlazimisha mdomo. Lakini nakuomba kwa ajili ya wakulima. Mzigo umerudishwa Malolo, na kila kikundi wamekubali kuchambua magunia upya mbele ya wenzao, kisha yawekwe alama upya. Wengine ni watu wazima sana, mama."

"Walicheka."

"Walicheka," akakubali. Hakunibembeleza zaidi. Alisimama tu pale juani, na nadhani ndiyo maana nikaingia ndani kutafuta patasi.

Lakini usidhani nilikwenda kwa huruma. Nilikwenda kwa sababu nilijua kitu kimoja: Harithi naye ni mkulima. Ana mikorosho. Magunia yake naye lazima yapite chini ya bati langu.

Nikakata upya, herufi na namba, kwa madebe mapya, ngozi za mshazari, nene kuliko mwanzo. Nikaenda Malolo. Amna alisoma orodha, mimi nikaweka alama, na kwa kila gunia nikainua bati polepole, watu waone. Hakuna aliyesema neno la miwani. Yule kuli alinibebea ndoo ya rangi bila kuombwa, na kila nilipomtazama alitazama viatu vyake.

Zamu ya Harithi ikafika. Magunia yake yalipangwa mbele yangu, na yeye nyuma yake, bila kofia. Nikaweka sponji chini.

"Sema," nikamwambia.

"Mama Amna, watu wanasubiri."

"Wasubiri. Walisubiri siku ile ulipoapa, hawakuchoka."

Nyuma wakaanza. "Sema, mzee, jua linatuchoma!" "Neno moja tu, si unayo mengi!" "Mpeni miwani, labda hamwoni mkewe wa zamani!"

Harithi alilamba midomo. Alimtazama Raudha, Raudha akatazama pembeni. Akamtazama Amna, na mwanangu hakumwondolea macho baba yake. Kisha akayatazama mabati yangu.

"Kazi ni nzuri," akasema.

"Ya nani?" Marselina akapiga kelele kutoka kwenye chupa zake.

Mdomo ukafunguka. Niliona ulimi. Nilidhani ndiyo saa yenyewe, na moyo wangu, mjinga huo, ukaanza kulegea. Kisha akaufunga, akageuka, akapita katikati ya watu wakimzomea, akaondoka akaacha magunia yake.

Nikaokota sponji. Nikayawekea alama magunia ya Harithi, moja baada ya jingine, safi kuliko ya mtu yeyote, hakuna rangi iliyovuja, kila ngozi imekaa mahali pake. Nilitaka korosho zake zisafiri na mkono wangu mgongoni, naye ale fedha yake akijua hivyo.

Chama kimenirudishia kazi. Raudha ameondoka kwa Harithi, yuko kwao Ruangwa. Akipita Nachingwea huniletea sukari, nami huipokea, ingawa simkaribishi ndani. Hao wamelipa, kila mtu kwa kadiri yake.

Niliporudi kibandani nilimwambia Amna anichoree maneno matatu. Alisita. Nikamwambia, "Ni kweli au si kweli?" Akasema ni kweli. "Basi chora." Akachora, nami nikakata: HARITHI ALIAPA UONGO. Ni bati zuri. Lina mapaa mengi, na kila paa lina ngozi yake.

Kila karai ninalotengeneza, kila ndoo, kila debe la kupimia, kabla halijatoka nalilaza kifudifudi na kuliwekea alama chini. Mali ni yangu mpaka inunuliwe, hakuna wa kunikataza. Marselina anasema wanawake wa Ruangwa sasa wakinunua karai wanaligeuza kwanza wasome, wanacheka, ndipo wanauliza bei. Kuna la msikitini, la kutawadhia wageni. Kuna mawili Namungo kwenye karasha, wanaoshea mawe. Kwenye harusi ya mpwa wake Harithi mwenyewe waliosha vyombo kwenye makarai yangu, yakaanikwa juani yamefunikwa chini juu, na mchana kutwa yalimsoma.

Alimtuma kaka yake aje kuniomba niache. Kaka mtu alikaa kwenye benchi la baba akasema, "Shemeji, mtu aliteleza mara moja, wewe unamtangaza kila siku. Utaacha lini?"

"Yeye anajua lini."

"Ana aibu, shemeji."

"Mimi nilikuwa na msiba."

Nilimwonyesha bati. Nikamwambia siku Harithi atakaposimama mbele ya mizani pale Malolo, msimu wowote, watu wamejaa, na kusema kwa sauti inayofika kwa makuli kwamba herufi zile ni mkono wa Mwamini binti Yasini na kwamba aliapa uongo, nitalikunja bati hili mbele yake na kuligonga nyundo mpaka liwe donge, na karai litakalofuata litatoka halina neno. Kaka mtu akaenda na jibu hilo. Msimu umeisha, mwingine umeanza na umeisha. Harithi huleta magunia yake kwa mkono wa watu wengine.

Juzi bati lile lilianza kulegea ngozi kwa kutumika sana. Nimekata lingine, la debe gumu zaidi. Ninachodai ni sentensi moja, na anayedaiwa ni Harithi Saidi wa Malolo.